Homa ya mapafu katika makundi yanayonywa lambo moja: tuifuatilieje kabla ng'ombe hawajaanza kufa?

Katibu_Malisho (Kongwa)

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wote mnaofuga na mnaotibu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji katika kata moja ya wilaya ya Kongwa, upande wa kaskazini tunakopakana na Kiteto. Tuko zaidi ya kaya 40, Wagogo, Wamaasai na Wamang'ati wachache. Ingawa kila mtu analaza ng'ombe wake katika zizi lake, kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba tunanywesha katika lambo moja, kwa hiyo mifugo yetu ni kama kundi moja lenye wenyewe wengi.

Mwezi wa tatu mwenzetu mmoja alinunua mnadani maksai wawili wa kulimia. Mmoja alikuwa mwembamba kidogo, lakini alikuwa anakula vizuri, na mnunuzi aliamini kwamba majani ya masika yatamnenepesha. Ilipofika mwezi wa tano, ng'ombe wanne wa zizi lile walikuwa wanakohoa alfajiri wanapoinuliwa, na kikohozi kikirudi wanapoharakishwa kwenda kunywa maji. Mtamba mmoja alisimama siku tatu amenyoosha shingo, viwiko vya miguu ya mbele amevitanua, akiguna kila anapotoa pumzi, kisha akafa. Tulipompasua tulikuta kifua kimejaa maji ya njano yenye mapande yanayofanana na mayai ya kukaanga, pafu la upande mmoja limegandamana na mbavu, na kisu kilipolikata likaonekana kama sakafu ya marumaru, vipande vyekundu, vya kijivu na vya njano vikitenganishwa na mistari myeupe. Wazee wa Kimaasai waliokuwapo hawakuhitaji maelezo ya mtu. Walisema olkipiei, yaani homa ya mapafu kwa Kimaasai, wakaenda kunawa mikono.

Bwana mifugo wetu alichukua sampuli siku ileile na kuzituma. Majibu yalirudi baada ya wiki saba kutoka katika ofisi ambayo sioni haja ya kuitaja, na yalithibitisha kile ambacho wazee walikuwa wamekwisha kukisema. Katika wiki hizo saba mwenye zizi aliwachoma wagonjwa wake sindano za dawa ya tetra ya asilimia 20, wakasimama, wakaanza kula, naye akawauza wawili na kumtoa mmoja katika mahari ya mwanawe. Sasa mazizi mengine mawili yanakohoa. Kuna kaya nyingine ambayo tunajua ina wagonjwa, lakini huwapeleka malishoni jioni watu wakiwa wamerudi, kwa sababu mwenyewe anaogopa karantini itafunga mnada wakati anatafuta ada ya shule. Siwezi kumlaumu sana, maana mimi mwenyewe nina wawili sekondari.

Ninaomba ushauri juu ya mambo ambayo kikundi kinaweza kuyafanya chenyewe. Tufuatilieje ugonjwa huu ili tuujue mapema, bila kungoja majibu ya maabara? Hawa waliopona kwa sindano tuwahesabu kuwa wazima? Na je, tuombe chanjo sasa hivi wakati ugonjwa umo, au tungoje utulie?

---

Daktari_Mstaafu (Dodoma Mjini)

Marahaba, katibu, na pole kwa hasara. Nimetibu mifugo ya Kanda ya Kati kwa zaidi ya miaka 30 na uliyoyaeleza nimeyaona mara nyingi, mpaka mwendo wake naweza kuusimulia nimefumba macho: maksai wa mnadani, miezi miwili ya kimya, kikohozi cha alfajiri, sindano, kisha mauzo. Nitaanza na ugonjwa wenyewe, kwa sababu hatua nyingi za kuuzuia zinatokana na tabia yake.

Homa ya mapafu ya ng'ombe husababishwa na kimelea cha jamii ya mikoplazma, ambacho hakina ukuta wa seli. Hii ndiyo sababu penisilini, ambayo kazi yake ni kuuvunja ukuta huo, haikifanyi chochote hata ukimaliza chupa nzima. Kimelea husafiri kwa pumzi, ng'ombe kwa ng'ombe, kwa matone anayoyatoa mgonjwa anapokohoa, na kwa kawaida wanaoambukizwa ni wale walio karibu naye, ingawa hali ya hewa ikiruhusu matone hayo huweza kufika hata mita 200. Hakibebwi na kupe wala mbung'o. Nje ya mwili wa ng'ombe, kwa jua letu hili, hakimalizi siku nyingi, kwa hiyo msichome mazizi wala kuhama boma kwa ajili yake, kwa kuwa nguvu hiyo itakuwa imepotea bure. Binadamu haambukizwi nao, na mbuzi wana homa yao ya mapafu inayotokana na kimelea kingine. Hatari yote imo ndani ya ng'ombe aliye hai, na ni huyo anayepaswa kufuatiliwa.

Shida ni kwamba ng'ombe huyo anaweza kuubeba ugonjwa kwa muda mrefu bila dalili. Tangu kuambukizwa hadi kukohoa huweza kupita wiki tatu, na huweza kupita miezi sita. Maksai wa mwenzenu, kwa maelezo yako, huenda alikuwa ameambukizwa kabla hata hajafika mnadani, au alikuwa mmoja wa wale walioupata zamani wakapona nusu. Ninaposema kupona nusu nina maana hii: sehemu ya pafu inayokufa huzungushiwa ukuta mgumu wa nyama, ikawa kama kifuko, na ndani ya kifuko hicho kimelea huishi kwa miezi mingi. Kwa nje ng'ombe anakula, anatembea, hata anashika mimba. Wataalamu wanahofia kwamba mwili unapopata taabu, kwa njaa ya kiangazi, safari ndefu au kulimishwa, kifuko huweza kupasuka na ugonjwa ukaanza upya katika zizi ambalo halina habari.

Sasa swali lako la pili lina jibu, ingawa si jibu linalofurahisha. Dawa za tetra na tailosini hupunguza homa na huokoa maisha ya ng'ombe mmoja mmoja, lakini hazina uhakika wa kukiondoa kimelea mwilini. Mgonjwa aliyesimama kwa sindano msimhesabu kuwa mzima. Mhesabuni kuwa mtuhumiwa ambaye hatakiwi kuuzwa kwa mfugaji mwingine, kukopeshwa wala kutolewa mahari. Ningependa mjue haraka yule wa mahari yuko wapi leo, kwa sababu kwa hesabu yangu huko alikokwenda kikohozi kitasikika kabla ya mwaka kuisha, na watu wa huko wanastahili kuambiwa mapema na ninyi wenyewe.

Kuhusu ufuatiliaji, msingoje maabara iwaambie kuna nini. Kazi ya maabara ni kuthibitisha, na kipimo chake cha damu kwa ugonjwa huu husema habari za kundi kwa uhakika zaidi kuliko habari za ng'ombe mmoja, maana aliyeambukizwa juzi na yule wa kifuko cha zamani wote wanaweza kuonekana hawana kitu. Wekeni kipimo chenu cha mashaka ambacho kila mchungaji anakielewa. Mimi ningesema hivi: zizi lolote ambalo ng'ombe wawili au zaidi wakubwa wanakohoa kwa zaidi ya siku mbili, na ambalo limeingiza ng'ombe kutoka nje ndani ya miezi sita iliyopita, lihesabiwe kuwa na homa ya mapafu mpaka ithibitike vinginevyo. Muwaangalie pia ndama walio chini ya miezi sita, kwa kuwa kwao ugonjwa mara nyingi hauendi mapafuni bali katika viungo. Ndama anayevimba magoti na kuchechemea katika zizi linalokohoa ana ugonjwa uleule, na nimeona wafugaji wakimtibu kwa kuteguka.

Msikilizeni na mchungaji mwenyewe, yule kijana anayewatoa asubuhi. Sisi maofisa tulikuwa tukifika saa nne jua limekwisha kupanda, tukawakuta ng'ombe wametulia kivulini, tukaandika kundi ni zima. Kikohozi cha kwanza husikika saa kumi na mbili asubuhi, na anayekisikia hajawahi kuulizwa.

Chanjo ni suala refu kidogo. Inayotumika kwetu, T1/44, ni chanjo hai ambayo asili yake ni kimelea dhaifu kilichopatikana hapahapa Tanganyika mwaka 1951, na leo hutengenezwa Kibaha katika kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Ni chanjo nzuri lakini haina tabia ya ile ya sotoka. Sotoka, ambayo dunia ilitangaziwa kutokomezwa mwaka 2011, ilishindika kwa sababu ng'ombe aliyechanjwa mara moja alikingwa maisha yake yote. Kinga ya homa ya mapafu hudumu kama mwaka mmoja, na chanjo ya kwanza peke yake huwaacha wengi bila kinga ya kutosha, kwa hiyo inapaswa kurudiwa kila mwaka, miaka kadhaa mfululizo, kwa kundi zima. Kuchanja mwaka mmoja na kuruka miwili ni kama kujenga ua upande mmoja wa zizi. Nchi hii iliwahi kuishi takriban robo karne bila ugonjwa huu, ukarudi mwaka 1990 kupitia kaskazini, na tangu hapo haujaondoka.

Mkichanja sasa, wakati ugonjwa umo, jueni kwamba wale ambao wamekwisha kuambukizwa na hawajaonesha dalili watakuja kuugua wiki chache baada ya chanjo, na watu watasema chanjo ndiyo iliyoleta ugonjwa. Waambieni kabla, mbele ya mkutano, si baada. Wanaokohoa wasichanjwe, na mazizi ambayo hayana dalili yachanjwe kwanza. Na kwa kuwa chanjo ni kimelea hai, ng'ombe asichomwe tetra wala tailosini wiki mbili kabla na wiki mbili baada, kwa sababu dawa itaiua chanjo, na mtakuwa mmelipia maji.

---

Mama_Maziwa (Chamwino)

Daktari, shikamoo. Katibu, pole sana, mwanangu.

Mimi ninauza maziwa na ninakamua mwenyewe, na ninapenda kuongeza jambo ambalo katika mikutano ya wafugaji halisemwi kwa sababu wanaokaa mbele ni wanaume. Kabla mchungaji hajasikia kikohozi, aliyekaa na kibuyu chini ya ng'ombe amekwisha kujua. Ng'ombe aliyekuwa ananipa lita mbili asubuhi ananipa kikombe, hamruhusu ndama anyonye ashibe, na mwili wake ni wa moto unapoegemeza kichwa ubavuni kwake. Mwaka tulioupata ugonjwa huu nilisema nyumbani kwamba ng'ombe wawili wana homa, nikajibiwa kwamba ni kupe, wakapelekwa joshoni pamoja na wenzao wote, wakasongamana mle kwenye njia ya josho nusu siku. Wiki sita baadaye nusu ya zizi ilikuwa inakohoa. Kama mnaweka watoa taarifa katika vitongoji, basi wawili katika kila watatu wawe akina mama wanaokamua.

Jambo la pili ni hili la kukoza, kama tunavyoliita sisi Wagogo. Katibu anajua kwamba mtu mwenye ng'ombe 60 huenda nyumbani kwake wanalala 25, na waliobaki wamewekwa kwa marafiki na mashemeji vijiji vingine, ili wa huku wakifa kwa ukame, wa huko wapone. Ni busara ya zamani na sitaki mtu aidharau. Lakini daftari la kijiji linaandika ng'ombe wanaoonekana zizini na haliandiki walikotoka wala ni wa nani, kwa hiyo ugonjwa unatembea katika njia ambazo ofisi haina habari nazo na sisi tunazijua kwa majina ya watu. Ukitaka kujua utakwenda wapi, usiulize nani ana ng'ombe wangapi. Uliza nani amemwekea nani, na lini alimrudishia.

---

Mkaguzi_Nyama

Ninakagua nyama katika karo moja la kuchinjia nje ya mji, nami ninaona wengi mnaanzia mbali na kusahau mahali ambapo ugonjwa huu hujitokeza wazi kila siku. Kikohozi kinaweza kuwa cha vumbi, cha minyoo ya mapafu, hata cha kifua kikuu cha ng'ombe. Pafu lililofunguliwa haliachi maswali mengi. Ninapolichukua pupu ninalipapasa kwanza kwa kiganja kabla ya kisu. Pafu zima ni laini na linarudi kama sponji, lakini lenye kifuko lina uvimbe mgumu, wakati mwingine wa ukubwa wa ngumi, na ukikata unakuta ukuta mweupe umezunguka kipande kilichokufa ambacho bado kina ile michoro ya marumaru, kimelegea ndani kama kokwa ndani ya embe. Mara nyingi ni upande mmoja tu, tofauti na homa nyingine za mapafu ambazo huharibu pande zote mbili. Ng'ombe mwenye pafu hilo aliingia kwa miguu yake mwenyewe, amenenepa, na aliyemuuza anaapa hajawahi kuugua.

Pupu lenye hali hiyo haliuzwi, linatupwa na kuzikwa, na nyama iliyobaki huruhusiwa ikiwa mzoga hauna kasoro nyingine. Hapo ndipo habari inapofia. Katika ripoti ya mwezi ninaandika idadi ya mapafu yaliyotupwa na sababu yake, lakini hakuna safu ya kuandika ng'ombe alitoka kijiji gani. Mchinjaji alimnunua kwa mchuuzi, mchuuzi alimtoa mnadani, na kibali cha kusafirisha kinataja mnada, hakitaji zizi. Miaka miwili iliyopita nilianza kuandika mwenyewe katika daftari la kawaida la shule: tarehe, rangi ya ng'ombe, chapa au alama ya sikio, jina la aliyemleta, na hali ya pafu. Baada ya miezi michache niliona mapafu mabovu mengi yanatoka kwa wachuuzi wawili wanaonunua njia moja. Nilimpigia bwana mifugo wa huko, akaenda, akakuta makundi mawili yanakohoa ambayo hayakuwa yameripotiwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo, katibu, tafuteni karo ambalo ng'ombe wa kata yenu huishia, mkae na mkaguzi wake, mkubaliane. Hereni za kielektroniki zinazovishwa katika kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi, ile iliyozinduliwa Bariadi mwezi Juni 2025, zitarahisisha sana kazi hii ikiwa mkaguzi naye atakuwa na namna ya kusoma namba na kuiandika. Hereni inayosomwa zizini tu na haisomwi karoni imefanya nusu ya kazi. Na msiombe sampuli kutoka kwa ng'ombe aliyeoza. Kipande cha pafu kilichokatwa mpakani mwa sehemu mbovu na sehemu nzima, pamoja na maji ya kifuani katika chupa safi, vikiwekwa kwenye barafu na kufikishwa kituo cha maabara cha Dodoma siku ileile, vina thamani kuliko gunia la nyama iliyokaa siku tatu juani. Wiki saba ulizongoja huenda si uzembe wa maabara peke yake. Ulizeni sampuli zililala wapi njiani.

---

Dalali_wa_Mnada

Mimi sitibu, ninauza, na ninaomba nisikilizwe bila kutukanwa. Mnasema mgonjwa aliyepona asiuzwe. Mwenye ng'ombe ana watoto, ana deni la mahindi, na ng'ombe yule anakula majani kila siku. Mkimwambia akae naye mpaka afe, atamuuza usiku, atampitisha porini, na kibali atakipata kwa jina la mtu mwingine. Karantini ninazozikumbuka mimi zilifunga mnada halali, biashara ikahamia chini ya mibuyu, na huko hakuna bwana mifugo wala mkaguzi. Bei inashuka, lakini ng'ombe wanaendelea kwenda mnada wa Pugu kule Dar es Salaam kama kawaida. Nani amefaidika?

---

Daktari_Mstaafu (Dodoma Mjini)

Dalali amesema kweli na hakuna haja ya kumtukana. Nimewahi kutia saini karantini ambazo niliamini zinafanya kazi, nikaja kugundua kwamba kilichofungwa ni mnada peke yake. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 inampa mfugaji wajibu wa kutoa taarifa na inawapa wataalamu mamlaka ya kuzuia mifugo kutoka, lakini mtu anayejua kwamba taarifa yake itamfungia mlango wa kipato hatatoa taarifa. Suluhisho ninaloliona ni kumwachia mlango mmoja, nao ni machinjio. Ng'ombe mtuhumiwa ambaye hana homa kwa sasa anaweza kuombewa kwa daktari wa mifugo wa wilaya kibali cha kwenda kuchinjwa moja kwa moja, kwa lori, bila kupitia mnadani, na mkaguzi akijua anakuja. Nyama yake inaliwa, mwenyewe anapata fedha, pupu linakaguliwa, na kifuko hakifiki katika zizi la mtu mwingine. Kama amechomwa sindano karibuni, lazima siku za dawa kutoka mwilini zilizoandikwa kwenye chupa ziishe kwanza, na tetra zile za asilimia 20 huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo asomewe karatasi ya dawa kabla ya kupanga lori. Hapa ndipo dalali anapohitajika, kwa sababu anajua mchinjaji gani anataka ng'ombe wa aina gani, na safari moja ya lori lililojaa ina nafuu kuliko ng'ombe watatu wanaouzwa usiku kwa bei ya kutupa.

Mama Maziwa amenikumbusha habari ya josho, nami ninakubali. Zizi lenye mashaka lisipelekwe joshoni wala kwenye kibanio, ile njia nyembamba ya kubania ng'ombe, pamoja na mengine.

---

Katibu_Malisho (Kongwa)

Ninawashukuru wote. Nimesoma majibu haya kwa sauti mbele ya kikao cha juzi Jumapili, na ninarudi kuwaeleza tulipofika.

Yule ng'ombe wa mahari tumempata. Yuko kijiji cha pili upande wa Kiteto, amechanganywa na ng'ombe 30 wa baba mkwe. Mwenye zizi na mimi tulikwenda wenyewe kwa pikipiki, na haikuwa safari nyepesi, maana kumwambia mkwe kwamba mahari yako ina ugonjwa ni jambo linalohitaji mzee wa kukuongoza maneno. Hata hivyo mzee yule alitusikiliza, akamtenga siku ileile, na akasema angekasirika zaidi kama angeyajua haya kwa kusikia kikohozi.

Kuhusu lambo tumekubaliana zamu. Mazizi ambayo hayana dalili yananywa asubuhi mpaka saa nane, na yale manne yenye mashaka yananywa jioni, yakipita njia ya korongo ambayo haikutani na njia ya wengine, na kusiwe na kundi linalopumzika chini ya mkwaju ule mkubwa ambapo wote walikuwa wakikutana. Nimesema manne kwa sababu ile kaya iliyokuwa ikichunga jioni imejitokeza yenyewe baada ya kusikia habari ya kibali cha kwenda machinjioni. Mwenyewe aliuliza mara mbili kama ni kweli ataruhusiwa kuuza, kisha akataja idadi ya wagonjwa wake, na idadi hiyo ilikuwa kubwa kuliko tulivyodhani.

Watoa taarifa tumewachagua tisa, sita kati yao akina mama wanaokamua. Hawaandiki mambo mengi. Kila Jumatatu wananitumia ujumbe wa simu wenye vitu vitatu: wangapi wanakohoa, ng'ombe gani ameingia zizini na ametoka kwa nani, na ng'ombe gani ametoka na amekwenda kwa nani. Hilo la kuingia na kutoka lilileta ubishi mkubwa, kwa sababu mtu hapendi hesabu ya ng'ombe wake ijulikane, na baadhi waliona ni mlango wa ushuru. Tulikubaliana nisiandike idadi ya walioko nyumbani, niandike wanaohama tu, na daftari likae kwa mzee mmoja ambaye si kiongozi wa kitu chochote.

Daktari wa mifugo wa wilaya ametuahidi timu ya chanjo kwa mazizi yasiyo na dalili, na serikali inachangia nusu ya gharama katika kampeni hiyo, kwa hiyo fedha si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni barafu. Kutoka barabara kuu hadi kibanio chetu ni mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari, na mwaka juzi chanjo ilifika saa tano, ikachanganywa saa sita jua likiwa kali, na watu wakachanja mpaka saa kumi kutoka katika chupa zilezile. Nikisoma maelezo ya Daktari kwamba chanjo ni kimelea hai, sasa ninajiuliza tulichanja nini siku ile.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja la mwisho kwa anayelijua kwa vitendo: je, inawezekana timu ikalala kwetu usiku wa kuamkia chanjo, ikaanza saa kumi na mbili asubuhi na kufungua chupa moja moja kadiri ng'ombe wanavyoingia kibanioni? Na chupa ikishachanganywa, tunaweza kuitumia kwa muda gani kabla ya kuitupa?

---

Daktari_Mstaafu (Dodoma Mjini)

Inawezekana, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Someni karatasi iliyomo ndani ya kasha la chanjo na mfuate muda ulioandikwa pale. Mimi nilikuwa nikihesabu saa moja, chupa ikiwa ndani ya barafu na kivulini, na kilichobaki ninamwaga hata kama mwenye ng'ombe ananiangalia vibaya. Tayarisheni chakula cha timu, na mtu wa kushika tochi wakati wa kufunga ng'ombe wa kwanza.